Jumapili yako ya kwanza kwenye ibada ya Kilutheri: maelezo ya mzee wa zamu

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku kandokando ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, na Jumapili ya zamu yangu huwa nasimama mlangoni. Wageni nawatambua kabla hawajafika kwenye ngazi. Wanapunguza mwendo, wanatoa simu na kuirudisha mfukoni, wanasubiri mtu mwingine apite ili wamfuate nyuma. Wapo waliokuja kwa sababu mtoto wa ndugu yao anabatizwa. Wapo waliohamia mtaani kwetu juzi juzi. Wapo Waislamu walioalikwa kwenye ndoa ya jirani, na wapo ambao hawajakanyaga kanisani tangu wakiwa shule ya msingi, safari hii kuna jambo limewasukuma. Karibu wote wana hofu ile ile: nitakosea mbele za watu.

Nimeandika haya ili hofu hiyo uiache nyumbani. Kuna mambo matatu ambayo watu huyaogopa zaidi, yaani sadaka, kusimamishwa kama mgeni, na Meza ya Bwana. Yote matatu mgeni anaruhusiwa kuyapita bila kumkosea mtu yeyote. Nitayaeleza kwa kirefu. Mengine ni mepesi.

Saa, mavazi na mahali pa kukaa

Sharika nyingi za mjini zina ibada mbili au zaidi. Kwetu ya kwanza inaanza saa 1:00 asubuhi na huchukua kama saa mbili, kwa sababu wa ibada ya pili wanakuwa wameshaanza kujaa nje. Ya pili inaanza saa 4:00 na inaweza kukufikisha saa 7:00 mchana, hasa kukiwa na ubatizo au kwaya mgeni. Kama ni mara yako ya kwanza, njoo ya asubuhi. Watu ni wachache kidogo, joto halijapanda, na ukitoka una siku nzima mbele yako. Fika robo saa kabla. Ukichelewa usigeuze kurudi, ila subiri mlangoni kama kuna sala au somo linasomwa. Wimbo ukianza, ingia.

Kama unaweza kuchagua tarehe, epuka Jumapili ya kipaimara, siku waliobatizwa wanapothibitishwa katika imani baada ya mafundisho. Ni siku nzuri sana kwa familia zenye watoto wanaothibitishwa, lakini ndugu hutoka mikoani kwa mabasi, viti vinaisha, turubai linafungwa nje, na mgeni asiyejua kinachoendelea anaishia kusimama juani akisikiliza spika. Jumapili ya kawaida ndiyo itakayokuonyesha jinsi tulivyo.

Mavazi: ya heshima, basi. Suti si lazima. Shati safi na suruali ya kitambaa vinatosha kwa mwanamume, na kofia huvuliwa mlangoni. Mwanamke, gauni au sketi inayofunika magoti, kitenge kikiwepo vizuri zaidi. Suruali kwa wanawake katika sharika nyingi za mjini haina shida. Ukienda kijijini chukua kanga ya kujitanda, maana huko bado kuna bibi atakayekutazama. Dada Mwislamu, hijabu yako baki nayo, hakuna atakayekuambia uivue.

Mlangoni mzee wa zamu atakupa mkono na kusema, "Bwana Yesu asifiwe." Jibu ni "Amina." Salamu hiyo utaisikia tena na tena, kwa mhubiri, kwa msoma matangazo, kwa kila anayeshika kipaza sauti, na kila mara jibu ni hilo hilo. Ukiitikia "salama" pia tutakuelewa.

Sasa mahali pa kukaa. Wazee wenzangu wengi wana desturi ya kumshika mgeni mkono na kumpeleka benchi la mbele kwa heshima. Mimi siipendi desturi hiyo na nimewaambia. Mgeni aliyekaa mbele haoni wenzake, kwa hiyo hajui wakati gani watu wamesimama na wakati gani wameketi. Anageuza shingo ibada nzima. Benchi la nyuma kabisa nalo si zuri, maana ndiko wanakopita mama wenye watoto wachanga na wanaotoka kupokea simu. Kaa katikati, upande wa njia. Ukiambiwa uende mbele, sema tu, "Nashukuru mama, nitakaa hapa," na mambo yameisha.

Ukija na watoto, uliza mlangoni kuhusu shule ya Jumapili. Mahali pengine wana ibada yao pembeni, mahali pengine huanza na wakubwa kisha hutoka kabla ya mahubiri. Mtoto akikataa kutengana nawe, mwache akae nawe. Watoto wakilia kanisani hatushtuki.

Ibada inavyokwenda

Kengele ikigonga, kwaya na viongozi wanaingia kwa wimbo na watu wote wanasimama. Kisha anayeongoza liturujia, yaani utaratibu wa ibada, anaimba au kusema mstari, na usharika unaitikia kwa maneno uliyokwisha kuyakariri, bila kusoma. Hapa ndipo wageni wengi hujiona wamepotea. Maneno yamo ndani ya kitabu cha nyimbo, na sharika nyingi siku hizi huyarusha ukutani kwa projekta. Jirani yako akiona huna kitabu atakisogeza katikati yenu. Huo ni ukarimu wa kawaida, upokee. Usipoitikia kitu, hakuna anayehesabu.

Mpangilio wenyewe ni huu: tunaungama dhambi zetu, wengine wakipiga magoti na wengine wakiinama hapo walipokaa, tunaomba "Bwana utuhurumie", tunamsifu Mungu, tunasikiliza masomo ya Biblia. Likisomwa somo la Injili, tunasimama. Kwenye Imani ya Mitume, ile inayoanza "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi," tunasimama pia. Kama hayo siyo unayoyaamini, simama kimya kwa adabu au kaa. Sitaki mtu atamke imani asiyokuwa nayo kwa sababu ya aibu ya kukaa peke yake.

Kitambaa cha madhabahuni kitakuambia tuko wapi katika mwaka wa kanisa: zambarau wakati wa Kwaresima, cheupe Pasaka na Krismasi, chekundu Pentekoste, kijani majuma mengi yanayobaki.

Kwaya zitaimba, na usishangae zikiwa tatu au nne katika ibada moja: kwaya kuu, ya vijana, ya akina mama, pengine na tarumbeta. Vigelegele ni ruksa. Mahubiri huchukua kama nusu saa. Mhubiri anaweza kuwa mchungaji, mwanamume au mwanamke, au mwinjilisti, yaani mhudumu wa usharika ambaye si mchungaji. Kama una Biblia kwenye simu, itumie, ila zima mlio.

Ukiwahi kusali Bukoba au Njombe ukakuta utaratibu unapishana kidogo na huu, au wimbo unaoujua una tuni nyingine, sababu yake ni ya kihistoria. KKKT iliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba yaliyotokana na misheni mbalimbali za Ulaya na Marekani, na kila upande ulikuja na desturi zake. Lakini mifupa ya ibada ni ile ile, uwe Azania Front pale mbele ya bandari, kwenye jengo la enzi za Wajerumani, au chini ya bati kwenye kanisa dogo la mtaa lililoanza mwaka jana.

Sadaka

Kwetu sadaka haipitishwi benchi kwa benchi. Watu wanainuka, safu moja baada ya nyingine, wanakwenda mbele huku kwaya ikiimba, wanatia kwenye vikapu na kurudi kwa njia ya pembeni. Utaona wengi wameshika bahasha zenye namba. Hizo ni za washarika walioweka ahadi zao za mwaka. Mgeni hana bahasha na hatakiwi kuwa nayo. Ukutani pia utaona lipa namba kwa wanaotumia simu.

Ukiwa na kitu, toa. Shilingi 500 ni sadaka, 1,000 ni sadaka. Ukiwa huna, una njia mbili: baki umekaa na uwapishe wenzako watoke, au nenda na mstari upite mbele ya kikapu urudi. Mimi nikiwa zamu ndiye ninayesimama kando ya vikapu hivyo, na nakuhakikishia macho yetu hayako kwenye mikono ya watu. Tunaangalia wazee wasijikwae kwenye ngazi ya madhabahu.

Usishangae ikitangazwa sadaka ya pili. Mara nyingi ni ya ujenzi au ya jambo maalumu, kama kumsaidia mgonjwa au kuchangia kituo cha watoto. Wakati mwingine zinagawiwa kadi za ahadi. Ukipewa kadi, usijaze pale pale kwa sababu jirani yako anajaza. Iweke mfukoni, nenda nayo nyumbani, fikiri. Msimamo wangu katika baraza la wazee haujabadilika: anayekuja mara ya kwanza tusimpe mzigo wa paa letu.

Matangazo na wageni

Matangazo ni marefu, nakuandaa mapema. Utasikia mahudhurio ya Jumapili iliyopita, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, na mapato ya sadaka hadi shilingi ya mwisho. Wageni hulalamika kwamba hii inachosha. Mimi naipenda, kwa sababu fedha ya watu inasomwa mbele ya watu. Yatafuata majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, ambayo husomwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi aseme, kisha jumuiya, vile vikundi vya majirani wanaosali pamoja, zitakutana wapi, nani amelazwa, nani amefiwa.

Halafu litakuja lile swali: "Tunao wageni leo? Tunaomba wasimame tuwaone."

Si lazima usimame. Lakini ukiamua kusimama, maneno yawe machache: "Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, natokea Tabora, nimekuja kumsalimia dada yangu. Nimefurahi kuwa nanyi." Kaa. Hiyo ni robo dakika. Kama wewe si Mkristo, "Habari za asubuhi" inatosha kabisa badala ya salamu ya kwanza. Watakupigia makofi au watakuimbia kipande cha kukukaribisha, na pengine utaombwa ubaki kidogo baada ya ibada upate chai na mchungaji. Ukiwa na haraka, aga tu. Mchungaji hachukii.

Meza ya Bwana

Hili ndilo ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Kwetu Chakula cha Bwana huwa Jumapili ya kwanza ya mwezi na kwenye sikukuu. Mahali pengine ratiba ni tofauti. Wanaoshiriki ni waliobatizwa na kupata kipaimara. Wanakwenda mbele, wanapiga magoti kwenye uzio wa madhabahu, wanapokea mkate mwembamba mweupe wakiambiwa "Mwili wa Bwana wetu Yesu Kristo, uliotolewa kwa ajili yako," kisha divai, sharika nyingi siku hizi kwa vikombe vidogo vidogo. Wanabarikiwa, wanainuka, kundi jingine linaingia. Huchukua muda, na nyimbo za wakati huo huwa za taratibu.

Wewe kaa. Ukiinua macho utaona hauko peke yako kwenye benchi. Wapo watoto ambao hawajapata kipaimara. Wapo wa madhehebu mengine. Wapo wanaoishi pamoja ambao ndoa yao haijabarikiwa kanisani, na kwa utaratibu wetu wanasubiri hadi mambo yao yatengenezwe. Wapo ambao siku hiyo wameona mioyo yao haiko tayari. Kwa hiyo mtu akibaki amekaa, hakuna awezaye kujua sababu ni ipi, na kumuuliza ni kukosa adabu. Ukiwa Mlutheri wa usharika mwingine mwenye kipaimara, karibu mezani. Ukipenda, mwambie mzee wa zamu kabla ya ibada kwamba umetoka wapi.

Mwenye kipaimara ambaye amekaa mbali na kanisa miaka mingi, na anaona haya kwenda mbele: mwone mchungaji siku za wiki, ofisini. Nimewaona watu wa namna hiyo wakiingia ofisini mabega yameshuka na kutoka wakiwa wepesi. Usilibebe peke yako.

Kutoka nje, na mnada

Baada ya mchungaji kutoa baraka, yale maneno ya Hesabu sura ya 6, "Bwana akubariki na kukulinda," usikimbilie mlango. Viongozi na kwaya hutoka kwanza wakiimba, kisha benchi moja moja. Nje kuna mstari. Unampa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ukifika mwisho na wewe unasimama hapo, wanaokuja nyuma wanakupa mkono wewe. Mstari unarefuka, unazunguka uwanja, na mpaka mtu wa mwisho atoke kila mmoja amemshika mkono kila mwenzake. Vitoto, wazee, mchungaji, mlinzi wa geti. Naipenda sana dakika hiyo. Kuna watu mjini hapa ambao mkono wao unashikwa mara moja tu kwa wiki, nao ni hapo.

Kisha mnada. Si kila mtu anayemtolea Mungu ana fedha, kwa hiyo wengine huleta walicho nacho: trei ya mayai, mkungu wa ndizi uliotoka Moshi na basi la usiku, boga, fungu la mchicha, kuku. Vitu hivyo huwekwa mbele wakati wa sadaka na kunadiwa nje. Mzee anayenadi huinua jogoo aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga, anauliza nani ana 10,000. Kumi na mbili. Kumi na tano. Anafika 35,000, bei ambayo sokoni hakuna jogoo anayeipata, na aliyemnunua anasema, "Namrudisha, anadiwe tena," au anaelekeza apelekwe kwa mjane wa jumuiya yake ambaye hakuweza kuja. Watu wanashangilia. Sikukuu ya Mavuno mnada unaweza kuchukua muda mrefu kuliko mahubiri.

Mgeni hana deni la kununua. Ila trei ya mayai mara nyingi huenda kwa bei nzuri, na ukiitaka, taja bei yako kwa sauti. Lipa pale pale kwa mzee mwenye daftari.

Ukienda kwa majirani zetu

Kwa Wakatoliki, salamu ni "Tumsifu Yesu Kristo" na jibu lake "Milele na milele, amina." Wanapiga magoti zaidi yetu, na komunyo, yaani Meza ya Bwana kwao, ni kwa Wakatoliki waliojiandaa, kwa hiyo baki kwenye benchi. Waanglikana watakukumbusha sana utaratibu niliouelezea hapa. Makanisa ya Kipentekoste huanza na sifa na kuabudu kwa muda mrefu, watu wamesimama, na wakati wa maombi kila mtu huomba kwa sauti yake kwa pamoja. Sauti zikipanda usidhani kuna ugomvi. Mwishoni huwa kuna wito wa kwenda mbele kuombewa, na wewe hulazimiki kwenda. Wasabato husali Jumamosi, huanza na Shule ya Sabato ya kujifunza Biblia kwa vikundi, na wengi wao hukaa mpaka alasiri, kwa hiyo panga siku yako.

Ukitaka kurudi

Muulize mzee wa zamu jumuiya iliyo karibu na unapoishi. Jumuiya ni nyumba chache za mtaa mmoja zinazosali pamoja mara moja kwa wiki, kwetu Jumamosi alfajiri, na ndiko watu hujuana majina. Kanisani tuko wengi mno. Kama unatoka usharika mwingine, omba cheti cha uhamisho huko ulikotoka ukilete ofisini. Kama hujabatizwa na ungependa kujifunza, kuna darasa la watu wazima, halina ada, na kuanza darasa hakukufungi kubatizwa. Ofisi ya usharika huwa wazi siku za kazi asubuhi. Mtafute mwinjilisti, mara nyingi yeye ndiye anayepatikana kwa urahisi, na mwambie tu kwamba Jumapili iliyopita ulikuwepo.